Safu ya Mtu Mmoja

Jumatatu, 16 Septemba 1957

Leo shule imefunguliwa, na leo Baba amepiga deki veranda yetu mbele ya majirani wote.

Nilikuwa natoka kwenda kufundisha, vitabu mkononi, nikamkuta amekunja suruali hadi magotini, ndoo pembeni, anasugua saruji kutoka pembe moja hadi nyingine kwa mistari iliyonyooka. Nusu ya mtaa wa Bondeni ilikuwa imesimama kutazama. Bibi wa nyumba ya pili akasema kwa sauti ya kusikika, "Mkewe ana maradhi gani, masikini, hata mume apige deki?" Mama alikuwa ndani, amejifunika uso kwa kanga. Sikujua kama analia au anacheka.

Baba hakuinua kichwa. "Kulu, pita ukingoni," akaniambia. "Katikati pabichi."

Amestaafu kutoka jeshi la wanamaji. Alijiunga mwaka vita vilipoanza, mimi nikiwa mtoto wa miaka miwili, na tangu hapo nimemjua kwa likizo tu: mtu mrefu anayeshuka kwenye gari moshi na sanduku la bati, anakaa wiki chache, anaondoka. Sasa ameshuka na sanduku lile lile na hataondoka. Cheo chake ni Chifu Peti Ofisa. Kwenye meli yake hapakuwa na Mwafrika juu yake, na kila kijana aliyeingia jeshini alipita kwanza mikononi mwake. Haya nayajua kama ninavyojua majina ya mito ya Ulaya. Nimeyakariri, sijayaona.

Alhamisi, 19 Septemba

Baba amepiga tena alfajiri ile filimbi yake ya kuamshia mabaharia. Mama amesema akiisikia mara nyingine ataitumbukiza chooni.

Jumatatu, 23 Septemba

Vumbi la ziwa limepanda mpaka darasani. Watoto wangu wa darasa la nne wana nyusi nyeupe kama wazee. Hakuna dalili ya mvua.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimekwenda sokoni na Baba. Anatembea haraka, na watu wanampisha bila kujua kwa nini wanampisha.

Mbele ya hoteli ya chai tulimkuta Sajini Meja Kiplangat. Huyu ndiye mkubwa wa wanajeshi wa zamani wote wa Kiafrika hapa mjini. Alikuwa Keya, askari wa nchi kavu, akapigana Bama kule Asia, sasa anasimamia walinzi wa ghala la mahindi.

"Hemed Darweshi!" akapiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara. "Wewe ulizaliwa hapa hapa Nakuru, ukaenda kuwa mtu ya maji. Haya, umerudi. Hiyo manowari umefunga wapi? Kwa ziwa, pamoja na heroe?"

Hoteli nzima ikacheka.

"Ziwa lenu magadi matupu, Sajini Meja," Baba akajibu. "Lingekula chuma kwa mwezi mmoja."

"Basi wewe iko salama. Wewe ni mfupa tu!"

Wakashikana mikono kwa muda mrefu, kila mmoja akimvuta mwenzake kidogo. Nadhani wanapendana. Nilitaka kucheka pamoja na wengine, nikagundua nimekasirika. Sikujua nakasirika kwa ajili ya nani. Mtu huyu namwita Baba, lakini sijui hata kama hupenda chai yake iwe na tangawizi.

Jumatano, 2 Oktoba

Hapendi tangawizi. Ameinywa wiki mbili bila kusema.

Jumamosi, 12 Oktoba

Niandike polepole, maana leo nimeona kitu.

Kila mwaka Novemba, Jumapili ya Ukumbusho, waliopigana vitani huandamana hapa mjini mpaka mbele ya ofisi ya Bwana Pisii, mkuu wa jimbo. Kamati ya gwaride ilikutana leo, na wazee wanajeshi wa Kiafrika waliitwa kusikia mpango. Baba alinichukua, kwa kuwa alitaka mtu wa kumtafsiria iwapo Kiingereza kitakwenda mbio. Hapakuwa na haja. Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu, ila chake kina chumvi.

Mwenyekiti wa kamati ni Kapteni Ashdown, mwanamaji mstaafu ambaye sasa analima kahawa Subukia. Baba aliwahi kumwendeshea meli miaka mitatu. Walipoonana Baba alipiga saluti, Kapteni akaitikia na kusema, "Chifu." Nilimwona Baba akiwa kama kijana.

Kisha meja mmoja wa Keya akasoma mpangilio. Wazungu mbele. Kisha Waafrika: Keya, Payonia wa kuchimba na kubeba, watu wa hospitali, madereva, na mwisho wengineo.

Baba akasimama. "Samahani, bwana. Wanamaji wako wapi?"

Meja akatazama chumba kizima. "Wangapi?"

"Mimi."

Watu wakacheka, na hata mimi midomo ilinichezacheza. Baba akangoja wamalize. Akaeleza, kwa upole, kwamba kwa desturi ya jeshi la Uingereza wanamaji ni jeshi la zamani kuliko yote, kwa hiyo katika gwaride lolote wanamaji hukaa kulia na wao ndio hutangulia. Hakuitunga yeye. Ndivyo ilivyo hata London.

"Mtu mmoja si kikosi," akasema Meja. "Utakwenda na wengineo."

Kapteni Ashdown anaijua desturi hii. Ameishi ndani yake tangu utoto. Baba alimtazama, na Kapteni akaitazama saa yake. Ni hayo tu. Akaitazama saa, kisha akauliza kama kuna jambo lingine.

"Basi nitasimama mahali pangu au sitasimama kabisa," Baba akasema, akaketi.

Njiani Kiplangat alitufuata akicheka hadi machozi. "Jeshi ya mtu moja! Hemed, nani atakuambia 'geuka kulia'? Nani atakuambia 'simama'?"

"Mimi mwenyewe."

"Na ukikataa amri?"

"Nitajifunga jela."

Alijibu vizuri. Lakini nilikuwa upande wake wa kushoto, na mkono wake wa kushoto ulifunga na kufungua kifungo cha koti njia nzima.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimemwambia Njoki, mwalimu mwenzangu, anayefundisha darasa la tatu. Njoki hasemi mambo nusu nusu. Kaka yake yuko kizuizini Manyani, na yeye mwenyewe amengoja kibali cha kusafiri tangu Agosti aende kumwona mama yake Kabazi.

"Wee, Kulu," akasema, "baba yako anagombania kutangulia kwa nani? Kwa hao hao Wazungu? Wakimpa nafasi ya kwanza atapata nini?"

Nikasema ni desturi.

"Desturi ya nani?"

Nimerudi nyumbani nikamtazama Baba akikunja mashati, kila shati kipimo kimoja, na nikamwonea haya. Yaani niliona haya kwa ajili yake, na hilo ni baya kuliko kumwonea haya yeye. Je, ni majivuno tu? Je, mtu anaweza kupewa maisha mazima na wengine, kofia, filimbi, cheo, asijue kwamba yanaweza kunyang'anywa kwa mtu kuitazama saa?

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua, matone mawili matatu. Ikakimbia.

Jumapili, 20 Oktoba

Leo Baba aliniambia, "Twende ziwani." Tulitembea mpaka matope meupe yanapoanza. Heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, walikuwa wengi hata maji hayakuonekana. Nilimuuliza nilichotaka kumuuliza tangu Jumatano: "Kwa nini usiende na wengineo, Baba? Ni matembezi ya robo saa."

Alichora kwa kijiti kwenye matope: mstari wa pwani, mlango wa Kilindini, halafu alama mbili ndogo.

"Hizi zilikuwa boti zetu," akasema. "Mbili. Ndogo, zilikuwa za kuvulia samaki kabla serikali haijazichukua. Hii yangu, nilikuwa nashika usukani. Hii ya pili ilikuwa na watu tisa. Kila boti inavuta waya wake nyuma, chini ya maji. Siku nyingine tulitoka wote, siku nyingine kwa zamu. Adui akitega mabomu mlangoni, waya wetu unakata minyororo yake kabla meli kubwa haijapita. Kila meli iliyobeba askari kwenda Bama, sisi tulitoka kwanza. Kila moja. Meli haikung'oa nanga mpaka sisi tumepita."

"Mlikuwa mnaogopa?"

"Asubuhi ndiyo. Ukishashika usukani una kazi."

Kisha akaniambia habari za asubuhi moja ambayo waya ulivuta kitu kikaja karibu mno na ile boti ya pili. Hakusema mengi. Alisema maji yalisimama kama ukuta, na yalipolala boti ilikuwa moja. Akafuta kwa kidole ile alama ya pili kwenye matope.

"Kesho yake tukapewa boti nyingine, tukatoka tena. Kulikuwa na meli ya askari inangoja." Akajipangusa kidole kwenye leso. "Hapa Nakuru niko peke yangu, Kulu. Kule sikuwa peke yangu. Nikienda nyuma na wengineo, nitakuwa nimewapeleka wale tisa nyuma. Hawakuwa nyuma."

Nina miaka ishirini na nimesoma historia ya dunia nzima. Hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba baba yangu alikuwa akitoka kwanza.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimepiga deki veranda mimi mwenyewe kabla ya shule. Baba alitoka, akaangalia, akasema, "Pembe ile umeiruka." Nikairudia. Nilifurahi siku nzima kwa sababu ya pembe ile.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua kubwa. Barabara ya Bondeni imekuwa uji.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua. Mama anauliza nani atafua sare nyeupe ikichafuka kwa tope hili. Hakuna anayemjibu kwa kuwa wote tunajua ni yeye. Baba hajatamka neno gwaride tangu kamati ile.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimeharibu kila kitu.

Sajini Meja Kiplangat alikuja nyumbani baada ya alasiri. Alikuwa ametumwa na kamati amshawishi Baba aende na wengineo bila kelele. Alivua kofia, akakaa, akasifu nyumba, akamsalimu Mama kwa heshima. Mama akatia kahawa jikoni, na mimi nikapanga vikombe na sahani ya kaimati kwenye sinia.

"Hemed, ndugu yangu," nilimsikia, "wewe ukija mbele, vijana yangu watasema mimi Kiplangat nimefuata mtu ya samaki. Sisi tulikufa Bama. Wewe ulikuwa wapi? Mombasa, unakula madafu."

"Madafu ni mazuri," Baba akasema.

"Mimi mwenyewe niliona bahari, usifikiri sijui. Arobaini na tatu tulipanda meli hapo Kilindini. Kama ng'ombe, Keya yote, tumejaa. Meli haijatoka na mimi nishatapika. Tumeshika chuma hivi, tunatazama mbele, na unajua tuliona nini? Kiboti! Kidogo hivi, kama bata, kinatoa moshi, kinaenda mbele ya meli kubwa kama hiyo. Tulikicheka! Nilisema, angalia, mkubwa wetu ni huyo, yeye ndiye anatupeleka vitani!" Akacheka mpaka akakohoa.

Nilikuwa mlangoni na sinia. Nilimtazama Baba. Alikuwa ametulia, anatabasamu kidogo, kama mtu anayesikiliza habari za mtoto wa jirani. Akauliza tu, "Ilikuwa asubuhi?"

"Asubuhi sana."

Nilimngoja aseme. Hakusema, na nilielewa kwamba hatasema kamwe, na kwamba yule mtu atamaliza kahawa yake, ataondoka na kicheko chake, na itakuwa hivyo daima.

"Kile kiboti kilikuwa cha Baba," nikasema.

Sijawahi kukatiza mazungumzo ya wazee maishani mwangu. Sauti yangu ilikuwa kali, ya darasani. Niliendelea. Nilisema kuhusu waya na mabomu. Nilisema meli yenu haikung'oa nanga mpaka wao wamepita. Nilisema watu tisa.

"Kuluthum," Baba akasema. Haniiti jina langu lote. "Weka sinia. Nenda ndani."

Nikaweka. Nikiwa nyuma ya pazia nikamsikia akisema, "Msamehe, Sajini Meja. Boti zilikuwa mbili, na siku nyingine walitoka wengine. Siwezi kuapa kwamba siku yako ilikuwa zamu yangu."

Kiti kilisogea. Nilipotoka alikuwa ameshakwenda, na kikombe chake kimejaa, hakijaguswa. Mgeni kuondoka nyumbani kwetu bila kugusa kahawa! Mama aliimwaga bila kunitazama.

Jumapili, 3 Novemba

Baba hajaniambia neno.

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua. Hajaniambia neno, ila alinipigia kiwi viatu vyangu vya shule vilivyojaa tope. Nilivikuta mlangoni vinang'aa.

Alhamisi, 7 Novemba

Njoki amenyimwa kibali. Tulikaa pamoja darasani watoto walipotoka, tukisahihisha hesabu. Nilimweleza habari za boti, za wale tisa na za kikombe cha kahawa. Njoki alichovya kalamu katika wino mwekundu.

"Bado naona walikwenda kufia mambo ya watu wengine," akasema. Kisha: "Walikuwa wanatoka kwanza kila siku?"

"Kila siku iliyokuwa na meli."

"Mh," akasema Njoki, akaandika sifuri kwenye daftari la mtoto ambaye hesabu yake ilikuwa sahihi, ikabidi aifute.

Jumamosi, 9 Novemba

Mama amefua sare nyeupe kwa buluu, akaitia wanga, akaipiga pasi ya mkaa mpaka ikasimama yenyewe. Baba aliishika kwa vidole viwili. "Nitakwenda," akasema. "Nitasimama mahali pangu. Wakitaka kunitoa, watanitoa mbele za watu."

Mama akasema, "Na mvua?"

"Mvua haijawahi kuniuliza."

Kisha akanigeukia mimi, mara ya kwanza wiki nzima. "Kulu, kesho utakuja?"

Nikasema ndiyo.

Jumapili, 10 Novemba

Mawingu tangu asubuhi, meusi juu ya Menengai. Niliongozana na Mama. Njoki alikuwa amewaleta watoto wa shule, wamepangwa kando ya barabara.

Wazungu walipita kwanza. Kisha safu za Waafrika zikajipanga, Keya mbele, kaki mstari baada ya mstari, na Sajini Meja Kiplangat pembeni na fimbo yake kwapani. Na mbele yao, hatua kadhaa, upande wa kulia, peke yake katikati ya barabara, mweupe kuanzia kofia hadi viatu, Baba.

Watu walianza kuulizana. Mtu akasema, "Yule ni daktari?" Mwingine, "Ni mpishi wa Gavana." Kicheko kikatembea kando ya barabara kama upepo kwenye mahindi. Baba hakusogea. Tope lilikuwa kila mahali isipokuwa kwake.

Luteni mmoja kijana wa Kizungu akaja mbio kwa Kiplangat. Nilikuwa karibu, nilisikia. "Sajini Meja, mtoe yule mtu."

"Yule, efendi?" Kiplangat akatazama mbele kama anatafuta. "Yule iko mahali pake."

"Nimesema mtoe!"

"Ndiyo, efendi."

Akaondoka kuelekea kwa Baba. Buti zake zilikuwa zinarusha tope. Mama akanishika mkono akauminya mpaka pete yake ikaniumiza. Nilifumba macho, kisha nikajilazimisha kuyafumbua, kwa kuwa kama anaaibishwa nilitaka awepo mtu mmoja anayemtazama bila kucheka.

Kiplangat alifika mbele ya Baba, akapiga buti chini, akasimama wima. Na kwa sauti iliyozoea kusikika upande wa pili wa bonde akasema:

"Chifu! Keya iko tayari. Tunangoja wewe utoke kwanza."

Hakuna aliyecheka. Luteni alitazama huku na huku. Bendi ilikuwa imeshaanza.

Baba aliitikia kwa saluti. Kisha akageuka, akavuta pumzi, akajipa amri mwenyewe: "Wanamaji! Mbele, tembea!" Na wanamaji wa Nakuru wote wakatembea. Nyuma yao Keya wote.

Alitembea kama kwamba kuna watu upande wake wa kushoto, akiwapa nafasi. Aliacha upana wa watu. Sijui kama mwingine aliona. Mimi niliona, nikawahesabu.

Mbele ya jukwaa akapaza sauti, "Wanamaji! Macho, kulia!" na kichwa kimoja kikageuka. Kapteni Ashdown alikuwa ameketi karibu na Bwana Pisii, mguu wake mbovu umenyooshwa. Alisimama kwa fimbo. Akapiga saluti, na safari hii hakuitazama saa. Baba alipita, Keya wakapita, Payonia wakapita, na mkono wa mzungu yule ulikuwa bado juu. Sijui kama huko ni kuomba radhi. Baba hakuigeukia mara ya pili.

Mvua ilishuka katika dakika mbili za kunyamaza. Hakuna aliyekimbia. Nilitazama matone yakiiangukia ile sare, wanga ukilainika, tope likipanda kwenye pindo za suruali, na nikajua sijawahi kuona nguo safi kama ile.

Njoki alinijia baadaye, nywele zimelowa. "Bado nina maswali yangu," akasema. "Lakini watoto wameniuliza yule mtu ni nani. Nimewaambia ni baba yake Mwalimu Kuluthum." Akanisukuma bega. "Ulikuwa umejitutumua kama jogoo, wee."

Jumatatu, 11 Novemba

Leo kumeanuka. Sare iko kwenye kamba. Mama ameifua mara mbili, na pindo bado lina rangi ya Nakuru. Baba amesema iachwe.

Jioni, nilikuwa nimekaa kizingitini, Baba amekunja suruali, anapiga deki. Buti zikasikika mtaani. Sajini Meja Kiplangat akafika mpaka chini ya ngazi.

"Mama Kulu!" akaita ndani, bila kumtazama Baba. "Nimekuja kumaliza ile kahawa niliacha."

Baba aliendelea kusugua. "Kile kiboti, Sajini Meja," akasema, "nilikuambia siwezi kuapa."

"Nilisikia. Boti yako ama ya wale wenzako." Kiplangat akakohoa. "Mimi nilipita salama. Kwani mimi nitachagua ya kushukuru?"

Akainua mguu apande.

"Vua viatu," Baba akasema. "Katikati pabichi."

Yule mkubwa wa Keya, aliyepigana Bama, akatazama mtaa mzima uliokuwa ukimtazama. Kisha akainama, akafungua kamba za buti zake moja moja, akaziweka sawasawa ukingoni, akapita pembeni kwa soksi.

Nikaenda kutia kahawa.